Kwa Kananu, Aliyeangushwa kwa Kuuliza

Mpendwa jirani,

Kaa chini kwanza. Kama uko dukani na kuna mteja mbele yako, muuzie upesi aende zake, kisha usome. Nafasi imefunguliwa tena. Ni kampuni ile ile ya Nairobi, kazi ile ile ya kuunda programu, ila mahojiano yenyewe yamebadilishwa, na yamebadilishwa kwa sababu yako. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti hadi babangu akachungulia kutoka mbele ya duka kuuliza kama naongea na mteja.

Nakuandikia hadharani kwa sababu umenilazimisha. Simu yangu hupokei, na ujumbe wangu unauacha bila kuufungua. Kutoka hapa Isiolo hadi Rapsu, kwenye mashamba ya kumwagilia, si mbali kiasi hicho, lakini ulipoenda kushika duka la mjombako la mbegu na dawa za shamba uliaga kama mtu anayehama dunia. Na kuna sababu nyingine. Jina lako liliharibiwa mbele ya watu, kwa hiyo ni mbele ya watu litakaposafishwa. Wale waliosema binti wa Mama Kananu alishikwa na mwakenya, karatasi ya kuibia majibu, kwenye mtihani wa kazi, wakae wasome jinsi mambo yalivyokuwa, na wakimaliza wanyamaze.

Maduka yetu yanapakana ukuta, hilo kila mtu wa barabara ile analijua. Upande wenu mkate, maziwa, sabuni, betri na vitabu vya shule. Upande wetu mchele, sukari, pasta na tende zinazoletwa na lori la baba. Mamako alitufundisha sheria ya duka tukiwa bado hatufiki juu ya kaunta: mteja haambiwi hakuna. Mteja anaambiwa ngoja kidogo. Kisha mmoja wetu anatoka kwa mlango wa nyuma, anaingiza kichwa duka la pili na kuuliza, "Hii uko nayo?" Jirani anasema iko, anaitoa, na mteja anaenda na sukari yake bila kujua imetoka upande gani wa ukuta. Jioni wazazi wetu wanasawazisha mambo yao wakiongea habari za mvua. Wote hufanya hivyo, Wameru kama nyinyi, Wasomali kama sisi, na yule Mborana wa kona anayeuza kamba na mitungi. Hakuna aliyewahi kuona aibu.

Tulikulia kwenye mlango huo wa nyuma. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ukila mandazi yako ukiwa umegeuka ukutani, eti nisikuone, na mimi nasikia kila unapotafuna. Krismasi nilikuwa wa kwanza kwenu, kabla hata ya binamu zako. Ulipoenda chuo Meru kusomea kompyuta nililia, ingawa nilikuambia ni vumbi. Mimi baada ya kidato cha nne nilibaki dukani, nikipima mchele na kumsikiliza baba akibishana na madereva.

Likizo yako ya kwanza ulirudi na laptopu iliyokuwa na ufa pembeni. Ukanikalisha juu ya magunia ya sukari, ukaniambia niandike mstari mmoja, na kompyuta ikaandika jina langu. Nilicheka hadi baba akauliza tumekula nini. Kutoka siku hiyo kila likizo ilikuwa darasa. Ulikuwa mwalimu mkali, jirani. Nikikosea hukunipa jibu, ulikunja mikono na kusema, "Soma tena, kompyuta haina nia mbaya na wewe." Baadaye kaunti ilipofungua kituo cha vijana chenye intaneti, tukahamia huko, tukipigania kiti cha karibu na soketi. Yote ninayoyajua leo mizizi yake ni wewe. Nalisema hili ili anayesoma aelewe uzito wa yanayokuja.

Kampuni ilipotangaza nafasi, tuliomba wote wawili siku moja. Walipotuita wote kwa mahojiano ya mtandaoni tulirukaruka kwenye kituo hadi msimamizi akatuomba tutoke nje turukie huko. Kisha yakaanza mazoezi. Ulivaa miwani ya mamako ya kusomea Biblia, ukatengeneza sauti nzito ya Nairobi, ukaniambia, "Jieleze." Nami nikaanza vizuri kabisa, nikaeleza jinsi babu ya babangu alivyofika Isiolo akiwa askari wa Waingereza, jinsi alivyopewa mahali pa kujenga. Ukapiga meza. "Sijauliza babu alikuja na nani. Nimeuliza wewe unajua kufanya nini." Mpaka leo nikitakiwa kujieleza, babu yangu huja kwanza mdomoni, inabidi nimrudishe.

Siku yako ikafika. Tulikubaliana ufanyie nyumbani kwetu Kiwanjani, maana kwenu kuna posho mill inayosaga mahindi kutwa nyuma ya dirisha. Mama yangu aliwafukuza mbuzi uani, akazima redio, akakataza hata kuosha vyombo. Tatizo likabaki mtandao. Simu yangu ukiiweka mezani hotspot ilikuwa ikilala, ukiishikilia juu dirishani inaamka. Basi nikasimama pale dirishani na mkono juu, nawe ukakaa mbele ya laptopu na blauzi yako ya kanisani.

Barua ya mwaliko ilikuwa imesema mhojiwa awe peke yake chumbani. Tuliisoma wote, Kananu, na tukaielewa kama watu wa Isiolo: wanakataa kelele. Ni nani hapa amewahi kuwa peke yake chumbani? Mimi nilikuwa kimya, kwa hiyo kwa hesabu yetu ulikuwa peke yako.

Na ulianza vizuri. Yule kijana aliyekuhoji, ambaye leo namjua kwa jina la Dennis, alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu. Ulimweleza programu yako ya kupanga zamu za maji pale kituoni, akauliza maswali, ukayajibu bila kukimbia. Nilikuwa na furaha hadi nikasahau mkono unauma. Kisha akaleta lile swali. Duka la mtandaoni limebaki na mkate mmoja. Wateja wawili, mmoja huku na mwingine kule, wanabonyeza kununua kwa wakati mmoja. Programu itahakikishaje mkate huo hauuzwi mara mbili?

Ukasema huyo wa pili utamwambia angoje kidogo, umtafutie kwa jirani.

Dennis alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha. Akarudia swali polepole, akasema jirani hayupo, ni programu tu na mkate mmoja. Nikaona mabega yako yakipanda. Jibu ulilijua, ulinifundisha mwenyewe juu ya magunia, lakini siku ile lilijificha. Ukafanya kile ambacho mwili wako umefanya tangu utotoni. Uligeuza kichwa dirishani na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Halima, hii uko nayo?"

Nami nikajibu kabla akili haijafika. "Iko. Unaweka kufuli. Wa kwanza akimaliza ndio wa pili anaingia."

Ukageuka kwa Dennis, uso umetulia, ukamweleza vizuri: yule wa kwanza kufika anaufungia mkate, wa pili anasubiri nje ya mlango, akiingia anakuta rafu tupu na anaambiwa. Ulieleza vizuri kuliko nilivyojibu mimi. Lakini yule kijana alikuwa ameacha kutabasamu. Akauliza kama kuna mtu mwingine kwa hiyo room. Na wewe, jirani, bila kupepesa jicho, ukamwambia, "Eeh, ni jirani yangu." Kama mtu anayemtambulisha shemeji.

Akasema asante kwa adabu, na papo hapo simu ikakatika. Mimi bado nilikuwa na mkono juu.

Tulidhani mtandao umepotea. Nikapanda juu ya kiti kuutafuta. Barua ilipokuja kusema umeondolewa kwa kusaidiwa na mtu wa pili, uliisoma ukanipa niisome, na sote tukawa hatuelewi kosa liko wapi. Ulikuwa umeuliza kwa sauti, mbele yake, mchana. Anayeiba hafanyi hivyo. Lakini habari ilipofika barabarani ilikuwa imeshavaa nguo nyingine. Ilikuwa ni mwakenya, ilikuwa ni simu iliyofichwa, kuna hata aliyesema ni kifaa cha sikioni. Na mamako, ambaye ameshikilia jina lake sokoni kwa mikono miwili, alikuambia mbele yangu kwamba hakulea mwizi. Uliinama ukaendelea kupanga sabuni. Mimi nilirudi upande wetu bila kukutetea.

Hata hivyo siku ya mahojiano yangu ulikuja. Hilo sitalisahau. Walikuwa wameshakuangusha, na bado ulikuja Kiwanjani asubuhi ukiwa na kebo ndefu uliyoazima ili simu ikae juu ya dirisha yenyewe, bila mtu. Ukatoka nje, ukafunga mlango, ukakaa langoni juani ukiwaambia waendesha pikipiki wasipige honi. Nikiwa ndani nilikusikia ukimwambia mmoja, "Pita polepole, kuna mtu anajenga maisha hapa ndani." Nilijibu maswali yote nikiwa na hasira nzuri. Waliponipa kazi, wewe ndiye uliyepiga kelele, mimi nilikaa tu. Wiki iliyofuata ukaenda Rapsu.

Sasa nikupe habari za kazi, maana najua zinakuwasha hata kama hutaki kukubali. Nafanyia hapa hapa, nyuma ya duka la baba, mezani palipokuwa pakipimiwa tende. Niko kundi la programu ya wasafirishaji, na baba amenipandisha cheo nyumbani. Madereva wakichelewa ananiita mimi niwaulize, eti mimi ni mtu wa malori ya kompyuta. Siku za kwanza nilikwama kwenye jambo dogo, nikageuza kichwa kukuuliza. Nikaona ukuta. Jirani, nilikaa nikiutazama ule ukuta hadi chai ikapoa.

Halafu nikagundua kitu ambacho kilinifanya nicheke peke yangu. Unajua wenzangu wanafanya nini kutwa nzima? Wanaulizana. Kuna mahali pa kuandikiana, na kuanzia asubuhi ni hayo tu. Nani amewahi kuona kosa hili, nani ana kile kipande cha programu, hii nani anayo. Mwenye nacho anasema iko. Hakuna anayeambiwa hakuna. Ni mlango wetu wa nyuma, ila watu hawavai kandambili.

Mwezi uliopita mkubwa wetu, dada mmoja mpole aitwaye Muthoni, alituita sisi sote tulioajiriwa karibuni. Akataka tuseme bila woga mahojiano yalikuwaje kwa upande wetu. Watu wakafunguka. Mmoja alisema alikariri majibu kama aya za shule na leo hakumbuki hata moja. Mwingine alihojiwa akiwa na koti na tai juu, chini kikoi, akaombwa asimame kutafuta chaja. Dada mmoja alijibu swali akiwa na mtoto anayenyonya chini ya kamera, akitoa jasho asionekane, maana barua ilisema peke yako. Tulicheka sana, lakini kicheko kilikuwa na kitu ndani yake. Ikafika zamu yangu. Nikasema yangu yalikuwa mazuri, ila nina ya mtu mwingine.

Nikawaambia yako. Nilisimulia yote, dirisha, mkono, mkate, na sheria ya mamako ya kutomwambia mteja hakuna. Dennis alikuwa kwenye mkutano huo. Nilimwona akivua miwani. Nilipomaliza, yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Yule wa mkate? Huyo namkumbuka," akasema. "Nilimtoa kwa sababu ya sheria. Lakini jibu mimi mwenyewe nilikuwa nimeandikiwa kwa karatasi."

Muthoni akacheka hadi akazima kamera. Alipoirudisha alikuwa makini. Akasema tunawaangusha watu kwa jambo ambalo tunawalipa kulifanya wakishaingia. Wakakaa, wakabishana, wakaandika upya. Sasa mhojiwa anakaa na mmoja wetu, anapewa kazi ya kweli, wanaifanya pamoja. Anaruhusiwa kutafuta, anaruhusiwa kuuliza. Wanachotaka ni aseme wazi amekitoa wapi. Kananu, hicho ndicho ulichofanya. Uliulizwa umekitoa wapi ukasema kwa jirani yangu.

Nilimuuliza Muthoni moja kwa moja kama aliyetolewa kwa sheria ya zamani anaweza kuomba tena. Akasema aombe kama mtu mwingine yeyote. Usidhani kuna upendeleo. Nimeshawaambia wewe ni nani kwangu, na nimeambiwa nisikaribie hata mlango. Na nafasi yenyewe ni ya kundi la programu ya maduka, ile inayowasaidia wenye maduka kuuza kwa simu. Wana kitendawili kikubwa: wenye maduka wa huku kwetu wanaifungua wiki moja halafu wanaiacha. Nikaifungua kuitazama. Kitu kikiisha, programu inamwambia mteja, kwa herufi kubwa nyekundu, HAKUNA. Nilicheka nikafikiria uso wa mamako.

Na sasa mamako. Najua uliruka aya zote kumtafuta yeye. Juzi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kumweleza yote niliyokueleza hapa, na kanuni mpya nikamsomea kwa Kiswahili. Alikuwa akimpimia mtu sukari. Alinisikiliza bila kuinua uso, akafunga ule mfuko, akampa mteja, akangoja mteja atoke.

Kisha akasema, "Sukari hii nimeuza saa hii ni ya babako. Sasa mwizi ni nani hapa?"

Akakaa juu ya kreti ya maziwa akajifuta macho kwa leso. Nawe unamjua, hatasema zaidi. Lakini aliniuliza kama Rapsu kuna mtandao wa kutosha mahojiano, na kama sivyo, chumba chako kiko tayari na yule mwenye posho mill ataongea naye mwenyewe. Namhurumia yule mwenye posho mill.

Nina furaha, jirani, na sijui niiweke wapi. Nina hofu pia, ndogo, kwamba utasoma haya yote ukakunja mikono useme nimezoea huku, nyanya zinakua vizuri, duka linaenda. Nyanya nazijua, mjombako huzileta hapa na ni tamu. Lakini mwalimu wangu hawezi kubaki akiuza mbegu na dawa ya viwavi kwa sababu ya neno alilolisema kwa nia safi mbele ya kamera. Nimekukosa. Nafurahia kazi hii nusu, nusu nyingine iko huko kwenye mifereji yenu.

Maombi yanafungwa Ijumaa. Jina lazima uliandike mwenyewe, hilo siwezi kukufanyia. Sitakuwa chumbani wala dirishani. Watakuuliza kitu usichokijua, hilo halikwepeki. Sema hujui, kisha umuulize mtu aliyekaa nawe, kwa sauti ile ile. Safari hii hakuna atakayekukatia simu.

Nakusalimu sana, na mjombako pia.

Jirani yako wa ukuta wa pili,
Halima